Duka la nafaka Kangemi: maharagwe safi, mfuko wa balaa

Maharagwe ya duka hili hayana mawe, na mizani yake haimpunji mteja. Kinachonikera ni kwamba kijana wa kaunta, baada ya kuchungulia mlangoni, alichomoa chini ya gunia mfuko mwembamba wa plastiki, aina iliyopigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, akanifungia kilo 2 zangu humo. Adhabu iliyotangazwa ni faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, au yote mawili. Na ingawa mwenye duka ndiye aliyeinunua mifuko hiyo, kijana yule (nadhani mshahara wake ni mdogo mno) ndiye angekutwa nao mkononi. Niliurudisha, nikamwomba animiminie maharagwe kwenye kiondo changu.