Uzoefu wangu: kompyuta ya ex-UK kwenye runinga ya sebuleni

Kabla hujatoa pesa zako, igeuze kompyuta uangalie mgongo wake. Mimi sikuigeuza. Nilinunua kompyuta ndogo ya ex-UK, yaani iliyokwisha kutumika Uingereza, yenye unene wa kamusi, katika duka moja si mbali na Luthuli Avenue, kwa shilingi 19,500: Intel Core i5 ya kizazi cha 7, RAM ya GB 8, SSD ya GB 256. Muuzaji aliiwasha kwenye skrini yake, ikafunguka upesi, nikalipa na kukimbilia matatu ya Umoja.

Baba alikuwa amehamia kwetu kutoka Wundanyi, akaja na diski yenye kanda zote za VHS za familia, ambazo binamu yangu alikuwa amezigeuza kuwa faili. Runinga yetu ya inchi 50 ina tundu la USB, lakini faili nyingine ilizikataa kabisa, na nyingine zikaonyesha picha bila sauti. Harusi bila sauti! Mzee alitazama wanakwaya wakifumbua na kufumba vinywa, akaniambia niizime tu. Hapo ndipo nilipoamua kutafuta kompyuta itakayokaa chini ya runinga na kucheza kila kitu.

Sasa, mgongo wa kompyuta: matundu mawili ya DisplayPort, yanayobeba picha na sauti, na moja la VGA, la picha la zamani. HDMI, tundu la picha na sauti lililo kwenye runinga za leo, hakuna. VGA haibebi sauti, na runinga yangu haina hata tundu lake. Kesho yake nikarudi mjini.

"Kaka, natafuta adapta ya kutoa DisplayPort kwenda HDMI. Runinga ni ya 4K."

"Madam, hizi zote ni sawa. Chukua hii ya mia nne."

Hazikuwa sawa. Picha ilikuja, ndiyo, tena nzuri ukiitazama ikiwa imetulia. Lakini nilipokisogeza kipanya, mshale haukuteleza, uliruka kama panzi. Nikafungua mipangilio ya skrini: 4K, Hz 30, yaani picha 30 kwa sekunde, na hakukuwa na chaguo jingine juu ya hapo. Adapta ya bei hiyo haigeuzi chochote. Inaiachia kompyuta yenyewe kazi ya kutoa mawimbi ya HDMI kupitia tundu la DisplayPort, na kompyuta za rika hili zikifanya hivyo huishia picha 30 kwa sekunde kwenye 4K. Inayohitajika ni adapta yenye chipu ndani, ambayo wauzaji huiita active, iliyoandikwa HDMI 2.0 na 4K 60Hz. Yangu ilinigharimu shilingi 2,200 katika duka la pili. Angalia pia mwelekeo: zipo zinazotoa HDMI kwenda DisplayPort, kwa macho zinafanana, na hazifanyi kazi kinyume.

Nilipoichomeka, mshale ukateleza. Niliusogeza huku na huku kwa dakika nzima kwa furaha tu.

Sauti ilikuwa ikitoka kwenye spika ndogo iliyo ndani ya kompyuta. Unaingia kwenye mipangilio ya sauti, unachagua jina la runinga, basi.

Upau wa chini wa Windows ulikuwa umekatwa nusu. Hiyo ni runinga, si kompyuta: runinga nyingi bado hukuza picha kidogo na kuficha kingo, tabia iliyobaki tangu enzi za zile za kisogo kirefu. Tafuta kwenye menyu ya ukubwa wa picha. Kwa LG huitwa Just Scan. Lililonisumbua zaidi ni maandishi mekundu kwenye mandhari nyeusi, yalionekana kama yameloa maji. Runinga ilikuwa ikipunguza taarifa za rangi, jambo ambalo kwenye filamu hulioni ila kwenye herufi linakera macho. Dawa ilikuwa kubadilisha jina la tundu lile la HDMI kwenye menyu liwe PC, na kuruhusu mawimbi kamili ya HDMI kwenye tundu hilohilo. Herufi zikakauka.

Nikaweka Kodi, programu ya bure ya kuchezea video, nikaielekeza kwenye diski ya Baba. Faili zote zilifunguka, na sauti. Lakini kila mtu aliposogea, kingo zake ziliota meno kama ya kitana. Mama anapita na kitenge chake cha njano, na ukingo wa kitenge umechanika mistari mistari. Sababu ni kwamba kanda za hapa kwetu zilirekodiwa kwa PAL: picha 25 kwa sekunde, kila moja imegawanywa nusu mbili, mistari ya shufwa na mistari ya witiri, zilizopigwa kwa nyakati mbili tofauti. Runinga za zamani zilizionyesha nusu hizo moja baada ya nyingine. Skrini ya leo ikizibandika pamoja kwa mara moja, kitu kinachotembea kinakuwa mahali pawili. Kwenye Kodi, faili likiwa linacheza, fungua mipangilio ya video uwashe deinterlace. Meno yakatoweka.

Bado kamera ilipozunguka uwanjani picha ilikuwa ikigugumia, kwa kuwa zile nusu ni 50 kwa sekunde, na 50 haiingii sawasawa kwenye Hz 60 za skrini. Kodi ina chaguo la kuifanya skrini ifuate kasi ya video yenyewe. Nililiwasha, skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde moja hivi, runinga inahamia Hz 50, na mwendo unakuwa laini. Ningejua haya mawili mapema, ningeokoa usiku mbili.

Jumapili nikamwita Baba. Harusi yao, 1991. Kamera inapita mezani polepole, Mama anacheka na mtu asiyeonekana, kitenge kinapepea bila jino hata moja.

"Mama, hebu simamisha hapo," Baba akaniambia. Mimi nimeitwa jina la mamake. Nikasimamisha. Akasogeza kiti mbele, akaanza kuwataja waliokaa mezani, mmoja mmoja, na wengi wao nilikuwa nimewajua kwa majina tu.

Rimoti ya runinga haiwashi kompyuta wala kuiongoza, na kompyuta nyingi ziko hivyo, kwa hiyo ongeza hesabu ya kibodi isiyo na waya yenye sehemu ya kugusia. Yetu ilikuwa shilingi 2,800. Nimebandika kipande cha plasta nyekundu kwenye kitufe kirefu cha nafasi, ambacho kwenye Kodi husimamisha na kuendeleza, na kingine kwenye kitufe cha kuwashia kompyuta. Jana nilirudi kazini nikakuta harusi inachezwa tena, imesimamishwa palepale mezani, na Baba anamwonyesha jirani.