Wiki 15 kungoja seva, siku 16 kungoja diski: uzoefu wangu nikiwa Pemba

Mimi ndiye ninayeangalia kompyuta za duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Chake Chake. Saruji, mabati, nondo, rangi. Tuna matawi Wete na Mkoani, na yote yanaandika mauzo kwenye seva, yaani kompyuta kuu, iliyopo hapa. Kwa miaka mingi hiyo "seva" ilikuwa kompyuta ya kawaida ya mezani yenye diski moja, imekaa chini ya kaunta karibu na ndoo za rangi. Mwezi wa Aprili diski ikaanza kutoa mlio kama panya anayeguguna gunia. Bosi wangu, ambaye dukani sote tunamwita Ami, akakubali kununua mashine ya kweli. Aliposikia bei alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Itafika kabla ya karafuu?"

Kwa asiyekaa Pemba, swali hilo ndiyo biashara yetu nzima. Mtu akishapeleka karafuu ZSTC, shirika la serikali linalozinunua, akashika fedha zake, anakuja kwetu kuezeka. Miezi hiyo mabati yanatoka kuliko mwaka mzima uliobaki, na ndipo waliokopa wanapokuja kulipa. Mfumo ukilala wakati huo, tunarudi kwenye daftari, na daftari la madeni likikosewa linavunja udugu.

Muuzaji ana ofisi Dar es Salaam. Jina lake silitaji, wala la kampuni iliyounda mashine. Alituahidi wiki nne hadi sita. Tarehe 14 Mei tukalipa asilimia 60 kwa seva ya kuingia kwenye raki (kabati la mitambo), RAM ya GB 32, diski nne za TB 2 zilizopangwa kwa RAID 10 (mpangilio wa diski kushirikiana, moja ikifa kazi isisimame), pawa saplai mbili, na waranti ya miaka mitatu, ile wanayoiita "siku inayofuata ya kazi", yaani kitu kikifa mbadala wake unakuja siku ya kazi inayofuata.

Wiki ya sita ikapita kimya. Ya saba nikapiga simu mwenyewe, nikaambiwa mashine bado haijaundwa, kiwandani wanangoja kadi ya RAID, ile inayosimamia diski. Hilo nalielewa. Seva za biashara hazikai madukani kama televisheni, nyingi huundwa baada ya mteja kuagiza, na kikikosekana kipande kimoja vyote vinakingoja. Lakini baadaye, wakitaka kujitetea, walinitumia barua pepe waliyopata kutoka kiwandani. Ilikuwa ya tarehe 5 Juni! Yaani walijua tangu wiki ya tatu, wakaniacha nikimwambia Ami "iko njiani" mwezi mzima. Ningelijua Juni, ningeliomba kadi ya aina nyengine, au angalau ningelinunua diski mpya ya kuisukuma ile kompyuta kuukuu. Badala yake nilikuwa nanakili data kila jioni kwenye diski ya nje na kwenda nayo nyumbani mfukoni.

Kila asubuhi nikimpa Ami shikamoo, kabla marahaba haijamalizika anauliza imefika wapi. Iko njiani, Ami. "Njia gani hiyo mwanangu, ya kwenda Makka kwa miguu?"

Mwisho wa Julai ikafika Dar. Ikakaa hapo siku nane kwa sababu hakuna aliyetwambia kwamba asilimia 40 iliyobaki inatakiwa kabla ya mzigo kutoka. Sisi tulifahamu tunalipa tukipokea. Sawa, tukalipa. Ilipovuka Unguja ikakwama bandarini Malindi siku nne: siriali namba iliyoandikwa kwenye ankara ilipishana tarakimu moja na ile ya kwenye boksi. Kosa la mwandishi wa ankara. Kila siku nilipiga simu kuomba karatasi iliyosahihishwa, na kila siku nilijibiwa kwamba anayehusika ametoka kidogo.

Nikafikiria kuipitisha kwa ndege. Lakini vindege vinavyotua hapa kwetu vinamruhusu abiria kilo 15, na boksi letu pamoja na reli zake lilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo boti, na boti za Pemba haziji kila siku. Kusi nalo lilikuwa linavuma, safari moja ikaahirishwa. Kwa hilo la bahari simlaumu muuzaji. Tarehe 30 Agosti hamali wawili waliitelemsha Mkoani, na mimi nikapanda nyuma ya pikapu nikakaa nayo mpaka Chake, mkono juu ya boksi kama niliyembeba mgonjwa.

Ndani ya boksi, nyaya za umeme zilikuwa zile zenye ncha za kuchomeka kwenye raki, si ukutani. Nikapiga simu, nikaambiwa niandike maombi. Nikachomoa nyaya za kompyuta mbili mbovu za stoo, zikaingia sawasawa. Nasema hili kwa mwengine atakayekwama: waya wa kompyuta ya kawaida ya mezani huwa unakubali kwenye seva ndogo ya aina hii, huna haja ya kungoja.

Mashine yenyewe nzuri, sina neno. Pawa saplai moja nimeichomeka kwenye UPS (betri ya akiba) na nyengine moja kwa moja ukutani, kwa hiyo umeme ukikatika inaendelea, na hata UPS ikifa peke yake inaendelea. Umeme wetu unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na bila ya UPS mimi siwashi kitu chenye hesabu za watu. Ripoti ya mwezi iliyokuwa inanipa muda wa kwenda kusali na kurudi sasa inatoka kabla sijavaa kofia.

Wiki tano baadaye, karafuu zimeshika kweli kweli, diski ya tatu ikawasha taa ya rangi ya machungwa. RAID 10 inaweka kila kitu kwenye diski mbili, kwa hiyo duka halikusimama. Ila kama pacha wake naye angekufa, basi. Nikapiga simu ya waranti nikiwa na matumaini ya siku inayofuata. Wakaingiza siriali namba, wakaniambia mashine hii imesajiliwa Falme za Kiarabu. Kumbe muuzaji aliipitishia huko na hakuhamisha usajili. Ikabidi nipeleke ankara, risiti, na barua ya muuzaji kuthibitisha kwamba ametuuzia sisi. Barua hiyo ya mistari minne ilichukua siku tisa.

Nimtendee haki mtu mmoja. Dada wa zamu ya usiku kwenye simu ya kampuni iliyounda mashine aliniomba faili la kumbukumbu za mashine, akalisoma nikimsikiliza mstari kwa mstari, akaniambia diski ya kwanza nayo inaanza kuonyesha makosa ya usomaji, akaiombea mbadala papo hapo bila ya mimi kudai. Laiti aliyetuuzia angekuwa nusu yake.

Baada ya usajili kuhama, diski mbili zilifika Dar kesho yake. Kweli siku moja! Halafu nikaambiwa fundi wao havuki bahari, "siku inayofuata" inahesabiwa Dar. Mkataba haukusema hivyo popote. Shemegi yangu alikuwa Kariakoo anafunga mizigo ya harusi, akazipitia, akazifunga kwenye kanga ndani ya mkoba wake, akaja nazo kwa boti. Nikazibadilisha moja moja mashine ikiwa inafanya kazi, Ami amesimama mlangoni anatazama taa zikigeuka kijani. Jumla siku 16.

Ikabaki diski mbovu: zirudi ndani ya siku kumi, la sivyo tunalipishwa. Ami akakataa kabisa. "Madeni ya watu yasafiri mpaka Dubai?" Nikamweleza kwamba mle ndani mna vipande vipande tu. "Hata kipande." Tukalipa. Upo mkataba unaoruhusu mteja kubaki na diski zake, bei yake si kubwa, na kama unaweka siri za wateja uununue tangu mwanzo.

Mashine naipa nyota tano, yule dada wa zamu ya usiku nyota tano, muuzaji mbili, na ya pili ni kwa sababu hatimaye aliandika ile barua.

Sasa tunataka ndogo kwa tawi la Wete. Safari hii nimeandika maswali matatu kabla ya kulipa hata senti: mashine itasajiliwa nchi gani, nani atanijulisha tarehe ikibadilika, na spea ikifika Dar nani anavuka nayo. Majibu ya mawili ya mwanzo yamekuja siku ile ile. La tatu leo siku ya sita, bado nangoja.