Wakala wa mizigo ya reli Dodoma: kazi nzuri, profoma pungufu

Ofisi ninayoiandikia tathmini hii iko umbali mfupi kutoka stesheni ya zamani ya Dodoma, na kazi yake ni kuwatafutia wafanyabiashara nafasi ya mizigo katika treni: saruji, nondo na mabati yanayopanda kutoka Dar es Salaam, pamoja na mashudu ya alizeti, mtama na ufuta unaoshuka kwenda bandarini au kwenye viwanda vya vyakula vya mifugo. Jina lake sitalitaja, kwa sababu sehemu ya malalamiko yangu waliyamaliza kwa kunirudishia fedha, na kwa sababu kasoro ninazozieleza nimezisikia pia kwa wateja wa mawakala wengine. Maoni yangu ni kwamba mwenye mzigo mzito unaojaza behewa zima atahudumiwa vizuri hapo, lakini mwenye mzigo mwepesi, au asiyeweza kuvumilia bei kubadilika mzigo ukiwa njiani, asubiri kwanza warekebishe namna wanavyoandika profoma, yaani karatasi ya bei wanayokupa kabla ya kupakia.

Profoma yao ni karatasi moja yenye mstari mmoja wa maana, "usafiri wa reli hadi Dodoma", kisha jumla, na chini kabisa kwa herufi ndogo, "bei inaweza kubadilika bila taarifa." Abiria anaweza kuridhika na tarakimu moja. Tangu treni ya SGR, reli mpya ya umeme, ilipoanza kufika Dodoma tarehe 25 Julai 2024, karibu kila mtu mjini alijua kwamba daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam ni shilingi 31,000, na hapakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Nauli ya mzigo haisomeki hivyo. Ndani yake mna aina ya bidhaa, umbali, uzito unaotozwa (ambao si lazima uwe uzito uliopakiwa), nani anapakia na kushusha, hasara ikitokea ni ya nani, na behewa litakaa muda gani mikononi mwa mteja kabla ya tozo ya kuchelewesha kuanza kuhesabiwa. Wakala anayekupa jumla bila masharti hayo amekuuzia nusu ya bei, na nusu nyingine utaipata kwenye ankara ya mwisho.

Aina ya bidhaa inabadili nauli kuliko wengi wanavyodhani. Mashirika ya reli duniani yamezoea tangu zamani kutoza kwa kuangalia thamani ya bidhaa na uwezo wake wa kubeba nauli, mbali na gharama ya kuivuta. Katika Afrika Mashariki ya kikoloni mtindo huo ulikuwa wazi: mazao yanayokwenda bandarini yalitozwa kidogo ili yafike sokoni na reli ipate mzigo, ilhali bidhaa za dukani zilizoagizwa kutoka ng'ambo zilitozwa zaidi kwa uzito uleule. Hadi leo, anayeandikisha mashudu kama "chakula cha mifugo" na anayeyaandikisha kama "bidhaa mchanganyiko" wanaweza kupewa bei mbili tofauti kwa magunia yaleyale. Hapa nawasifu hawa jamaa: karani wao aliniuliza mzigo ni nini hasa, akataka kuona gunia moja, kisha akaandika jina la bidhaa kama linavyotakiwa kusomeka kwenye hati ya mzigo. Wapo mawakala wanaojaza neno "mizigo" na kuishia hapo.

Umbali nao una hesabu yake, na ndio unaotubana sisi wa Dodoma. Gharama ya kupokea mzigo, kupanga mabehewa na kushusha ni ileile iwe treni inakwenda karibu au mbali, kwa hiyo nauli ya kila tani kwa kila kilomita hupungua kadiri safari inavyokuwa ndefu. Mzigo wa Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, unaisambaza gharama hiyo juu ya safari ndefu. Wa kwetu, kilomita 460 hivi, unaibeba gharama ileile juu ya safari fupi. Ukiongeza lori la kutoa saruji kiwandani hadi stesheni kule, na lori jingine la kuitoa stesheni hadi Kizota au Nzuguni huku, lori la semi linalopakia kiwandani na kushusha mlangoni pa duka linaanza kuonekana lina nafuu. Wakala mwaminifu angeweka gharama za malori hayo mawili kwenye profoma ili mteja alinganishe mlango kwa mlango. Hawa hawafanyi hivyo, na ukiwauliza wanakujibu kwamba hiyo ni shughuli ya mteja.

Uzito unaotozwa ndio ulioniuma kwenye mashudu. Tuseme behewa lina uwezo wa tani 40 na kanuni inataka litozwe si chini ya tani 35. Saruji haina shida: mifuko 800 ya kilo 50 inafikisha tani 40 na nafasi inabaki. Mashudu ni mepesi na yana ujazo mkubwa, hivyo behewa linaweza kujaa hadi darini likiwa na tani 28 tu, na mteja akalipia tani saba za hewa. Kanuni yenyewe siipingi, maana behewa lililojaa limejaa, na treni nzima haiwezi kuendeshwa kwa hasara ya mzigo mwepesi. Ninachokipinga ni kuambiwa bei ya tani moja kana kwamba ndiyo nitakayolipa, huku mtu anayeiandika akijua mzigo wangu hautafika kiwango cha chini. Mstari mmoja wa ziada kwenye profoma ungetosha: "uzito wa chini wa kutozwa."

Tukija kwenye mabadiliko ya viwango, ndipo ofisi hii ilipojishusha zaidi. Nilipewa bei, nikalipa sehemu, saruji ikapakiwa, ikafika. Baadaye ikaja ankara ya tofauti, na maelezo ya karani yalikuwa haya: "Mzee wangu, bei imepanda, hata sisi tumeletewa hivyohivyo." Nikamjibu, "Sawa mwanangu, waraka uko wapi, na umeanza kutumika tarehe ngapi?" Hakuwa nao. Katika biashara ya reli swali la tarehe si la ukaidi. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba mzigo hutozwa kwa kiwango kilichokuwa kikitumika siku shirika lilipoupokea na kukubali hati yake. Kiwango kipya kinachoanza mzigo ukiwa tayari njiani hakiurudii nyuma. Kwa hiyo ama ongezeko lilianza kabla ya mzigo kupokelewa, na wakala alipaswa kulijua na kuniambia, ama lilianza baadaye, na halinihusu.

Nchini kwetu, sheria iliyounda LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, mwaka 2019 imeipa mamlaka hiyo kazi ya kudhibiti nauli na tozo katika usafiri inaousimamia, reli ikiwemo, na tumezoea kuona mikutano ya kukusanya maoni ya wadau kabla ya nauli kuidhinishwa. Marekani, ambako ugomvi huu ni wa siku nyingi, sheria ya mwaka 1887 iliyalazimisha mashirika ya reli kuchapisha viwango vyao na kutovipandisha bila taarifa ya siku 10; mwaka 1906 siku zikawa 30. Mwaka 1980 masharti yalilegezwa na mikataba ya siri kati ya shirika na mteja ikaruhusiwa waziwazi, lakini kwa viwango vya kawaida taarifa ya kupandisha haikufa: leo ni siku 20, na hupewa yeyote aliyeomba bei hiyo au kupanga mzigo chini yake ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Simtaki wakala wa Dodoma afuate sheria za Washington. Namtaka tu aelewe kwamba mtu aliyeomba bei wiki iliyopita ana haki ya kupigiwa simu bei hiyo inapokufa.

Baada ya mabishano meneja wao, mama mmoja mstaarabu, alipitia hati, akakuta tarehe ya kupokelewa mzigo inanipendelea, na ankara ile ikafutwa. Tozo ya kuchelewesha behewa, ambayo nayo nilikuwa nimetozwa, iligawanywa nusu kwa nusu. Hiyo nayo ilitokana na taarifa kuchelewa: muda wa bure wa kushusha huanza kuhesabiwa mteja anapojulishwa kuwa behewa limefika na liko tayari, na ujumbe ulitumwa kwa wakala Ijumaa jioni, ukanifikia mimi Jumapili. Makuli hawapatikani kirahisi Jumapili.

Mengine yote walifanya vizuri. Namba za lakiri, yaani muhuri wa kufungia mlango wa behewa, zilipigwa picha Dar es Salaam na tena hapa kabla ya mlango kufunguliwa, na zililingana. Mizani ilisomwa mbele yangu. Mvua zilipotishia njia kati ya Kilosa na Gulwe, eneo ambalo mafuriko yamekuwa yakiisumbua reli ya zamani miaka nenda rudi, walinishauri nisubiri kupakia badala ya kuacha saruji ilale njiani chini ya turubai, ingawa kusubiri kuliwachelewesha kupata ada yao.

Jambo moja bado wanalichanganya, nalo litazidi kuwa kubwa: neno "reli" kwenye profoma halisemi ni reli ipi. Treni za mizigo za SGR zilianza kazi mwaka 2025, na sisi huku tuna Ihumwa, stesheni ya mizigo ya reli hiyo mpya. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 na mpya milimita 1,435, kwa hiyo behewa la moja haliingii kwenye nyingine. Mzigo unaoletwa Ihumwa kisha ukatakiwa kuendelea Tabora au Kigoma kwa njia ya zamani lazima uhamishwe, na kuhamisha ni kazi yenye gharama yake, muda wake na hatari yake ya mifuko kupasuka. Nilipouliza gharama hiyo imo au haimo kwenye bei waliyompa jirani yangu wa mbolea, majibu ya makarani wawili yalitofautiana.

Kwa saruji na nondo nitaendelea nao, ila sasa nawataka waandike kwa mkono juu ya profoma: jina la bidhaa, uzito wa chini wa kutozwa, reli itakayotumika, muda wa bure wa kushusha, na tarehe ambayo bei inakwisha. Karani huandika bila kinyongo, na mama meneja hugonga muhuri. Mashudu nimeyarudisha kwenye semi. Malipo hupokelewa kwa benki na kwa simu, risiti ya EFD, mashine ya kodi, hutoka siku hiyohiyo, na ofisi hufungwa mchana wa Jumamosi, kwa hiyo anayetarajia behewa mwishoni mwa wiki aombe namba ya msimamizi wa zamu mapema.