Riwaya za upelelezi, historia na nasaba: kipi ununue, na kurasa uhesabu kwanza

Malalamiko yamejaa kwenye simu yangu. Msomaji wa Morogoro kanunua riwaya ya mpelelezi Bwana Msa, kafika ukurasa wa 96, kafunua, kakutana na 113. Mwingine kapata kitabu kizuri cha historia ya ukoo, ila ule mchoro wa nasaba wa mwishoni umechanwa. Kwa hiyo leo jalada na ukubwa wa herufi sigusi, hayo unayaona mwenyewe. Nataka tuongee kurasa zisizokuwepo.

Mtu akisikia zimeruka kurasa 16 anadhani kuna mtoto kachana. Sivyo. Karatasi kubwa huchapwa pande zote mbili, ikakunjwa ikawa fungu, mara nyingi la kurasa 16, na mafungu ndiyo hupangwa yakawa kitabu. Kitabu cha kushonwa kikiachia uzi, fungu zima linachomoka bila kuacha alama. Cha gundi tupu hudondosha karatasi mojamoja, na kwa joto la Pwani gundi haikawii kukauka. Na kiwandani fungu likisahaulika, hata kitabu kipya kinakuja na pengo. Kwa hiyo dukani funua 16 na 17, halafu 32 na 33, 48 na 49, uendelee hivyo hadi mwisho. Dibaji ikiwa na namba zake za kirumi hesabu itasogea kidogo, basi pitisha kidole pembeni pole pole. Ukurasa wa mwisho usome sentensi yake ya mwisho tu, uone kama imekwisha.

Kwenye upelelezi, kwangu wa kwanza ni Muhammed Said Abdulla, na sibishani na mtu. Anza na Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda shindano la uandishi la 1957-58 na kuchapwa 1960. Ndiko alikozaliwa Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum pembeni. Hana bastola wala gari la kasi. Anakaa, anavuta, anauliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi. Mara nyingi fumbo lake limefungwa kwenye undugu uliofichwa, nani mtoto wa nani, na jibu analitoa mwishoni kabisa. Fungu la mwisho likikosekana, umenunua maswali matupu. Wa pili ni Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango, kwa wanaotaka damu ichemke. Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba nawaweka wa tatu: mbio nyingi, wasichana wengi, ila Kufa na Kupona ukikishika hulali.

Kuna dada yuko Pennsylvania ameniuliza riwaya za Waamishi, wale Wakristo wa Marekani wa magari ya farasi. Aanze na The Shunning ya Beverly Lewis, ya 1997, ambayo nayo siri yake ni ya kuzaliwa. Huko ni nyingi mno, na jalada karibu zote ni msichana mwenye kofia ya kitambaa. Akichoka na moja asidhani ya pili itakuwa tofauti.

Historia: nunua vya wachapishaji Mkuki na Nyota. Nawapenda na sifichi. Walter Bgoya aliwaanzisha 1991 baada ya miaka mingi ya kuongoza Tanzania Publishing House, na vitabu vyao nilivyo navyo havijaniangusha mgongo. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ni yao: Yasmin aliyeozwa mzee Raza, na Zanzibar ya siasa za kudai uhuru. Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert pia wameuchapa. Kuli, ya mgomo wa wapagazi wa bandarini Zanzibar wa 1948, si yao, lakini usiiache.

Kwenye nasaba ndiko kwenye utamu na ndiko kwenye wizi. Namba moja ni Habari za Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, iliyorudiwa kuchapwa Nairobi mwaka 1962. Inaanza na Mbega wa Ungulu, aliyeota meno ya juu kwanza, kigego, ndugu zake wakamwona nuksi. Akaondoka na mbwa wake wa kuwindia, akawagawia watu nyama ya nguruwe mwitu, hadi Wasambaa wakampa utawala kule Vugha. Kutoka hapo unafuata watoto na wajukuu hadi mfalme Kimweri na vita vya kugombea urithi. Ni majina mengi. Soma na kalamu mkononi. Baada yake ni kitabu cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka: alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, kikachapwa kwa Kiswahili 1980, naye akafariki 1981. Kinene, ndiyo, lakini ni wapi pengine utaoneshwa mkwe akidaiwa mitungi ya pombe ya ndizi ili arudishiwe mke?

Sasa wauzaji. Ukitaja Wakilindi tu, bei inapanda mbele ya macho yako, "Dada, hicho adimu." Adimu sawa, mbona umekifunga nailoni na kukipiga pini? Mmoja aliniambia nikifungua nimenunua. Nikamrudishia. Mwingine anabandika bei juu ya mwaka wa kuchapwa, ukiibandua inaondoka na karatasi. Kisha anakuuzia kwa bei ya kitabu kizima! Mwambie afungue, mhesabu wote wawili pale pale mezani. Akikataa, sababu anaijua.

Vya kudurufu ni rahisi, lakini aliyedurufu kilichopungua amekudurufia na pengo. Vile vya simu vinavyosambazwa kwenye makundi mwandishi hapati hata senti, sivipangi.