Diski za kuediti video: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Watu wengi wakianza kuediti wanauliza diski gani ina spidi kuliko zote, wananunua ile yenye namba kubwa kwenye boksi, afu wiki ya pili wanalalamika taimlaini bado inakwamakwama. Kabla hujatoa hela piga hesabu kidogo. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, gawanya kwa 8 unapata megabaiti 12.5, na hizo hata hadi diski (hard disk, ile yenye sahani inayozunguka) ya zamani inasoma bila kutoka jasho. Saa nzima ni kama GB 45. Ila ukigeuza kuwa ProRes 422 HQ (muundo wa kuedítia usiobanwa sana, mafaili yake ni makubwa), 4K ya fremu 30, klipu moja inakula karibu megabaiti 110 kwa sekunde, ukicheza kamera nne kwa pamoja ushafika 440, hapo ndo diski inaanza kuwa ishu.

Kwa hiyo kama unaediti H.264 au H.265 (miundo inayobana video sana) kama ilivyotoka kwenye simu na inakwama, mara nyingi mchawi ni prosesa wala si diski. Tengeneza proksi kwanza, yaani nakala nyepesi za klipu za kuedítia, hazilipiwi. Zikitembea vizuri na bado unataka kununua, haya, tuendelee.

Namba moja kwangu ni mbili kwa pamoja: NVMe (aina ya SSD yenye spidi, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka) ya TB 1 au 2 ya kufanyia kazi, na hadi diski kubwa ya kutunzia. Projekti unayoishughulikia leo inakaa kwenye NVMe pamoja na kashe (mafaili ya muda) ya programu, ikiisha unaihamishia kwenye hadi diski. Ndo njia rahisi ya kupata spidi bila kulipia spidi kwa mafaili ambayo hutayafungua tena mpaka mwakani. Na usihangaike na kizazi kipya kabisa, PCIe ni njia ambayo NVMe inapitishia data na namba yake ni kizazi, PCIe 3 inafika megabaiti 3,500 hivi kwa sekunde, PCIe 4 kama 7,000, na kwa kuediti kwa kawaida hutaona tofauti, utaiona tu unapokopi mafaili makubwa kutoka NVMe moja kwenda nyingine. Hela inayobaki ongeza ukubwa.

Sasa hapa kuna mtego na mimi ulininasa. Nilichukua NVMe ya bei poa, boksi linasema maelfu, nikaanza kumwaga GB mia nne za shughuli moja, mwanzo inakimbia kweli, afu katikati ikashuka mpaka chini ya megabaiti 100, yaani hadi diski ingeipita. Kumbe ilikuwa QLC, chipu zinazobana biti nne kwenye kila seli. Hizi SSD zina sehemu ndogo ya haraka inayopokea data kwanza, ikijaa ndo unaiona spidi yake halisi, na kwa QLC hiyo spidi huwa inatia huruma. Tafuta iliyoandikwa TLC (biti tatu kwa seli), na kama bajeti inaruhusu yenye DRAM yake, yaani memori ya haraka ya kutunzia ramani ya data. Ukisoma ripoti za majaribio usiangalie ile namba ya juu, angalia grafu ya kuandika mfululizo, inashukia wapi na baada ya GB ngapi. Na usiijaze mpaka shingoni, acha kama asilimia 15 wazi, manake ikijaa hiyo sehemu ya haraka nayo inapungua.

Namba mbili, na kwa mtu wa laptopu isiyo na nafasi ya pili ndani hii ndo namba moja yake: NVMe ndani ya kasha la nje la USB ya gigabiti 10. Inakupa kama megabaiti 1,000 kwa sekunde, inatosha kabisa kuedit moja kwa moja humo. Ila angalia poti na kebo. Kuna kebo za USB-C za kuchajia tu ambazo kwa data ni USB 2, utapata megabaiti 40 hivi afu utaanza kuitukana diski bure. Chagua kasha la chuma pia, NVMe ikipata joto sana inajipunguza spidi yenyewe.

Namba tatu, SSD ya SATA, ile njia ya zamani ya kuunganisha diski. Megabaiti 550 ndo mwisho wake, lakini kwenye kompyuta ya zamani inafufua mambo. Kuwa makini tu, kuna SSD za umbo la M.2 (kibao chembamba) ambazo ndani ni SATA, zinafanana na NVMe kama mapacha na kuna mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) zinazokubali aina moja tu, soma maelekezo ya mazabodi yako kabla hujalipa.

Namba nne, hadi diski mbili kwenye RAID 0, yaani data inagawanywa kwenye zote mbili kama ni diski moja. Zamani ilikuwa dili, unapata karibu mara mbili ya spidi ya moja, ila ikifa moja umepoteza vyote, na bado kichwa cha kusomea kinahangaika kurukaruka klipu zikiwa nyingi. Siku hizi sioni sababu.

NAS, yaani boksi la diski linalotumika kupitia mtandao? Ukiwa peke yako achana nayo. Mtandao wa gigabiti 1 unaishia kama megabaiti 110, ProRes HQ moja imemaliza, na kupanda hadi gigabiti 10 unanunua swichi, kadi na kila kitu. Mkiwa watatu wanne mnashea mafaili, hapo ina maana.

Mkiani kabisa ni ile hadi diski ndogo ya mfukoni kama diski ya kazi. Nyingi ni SMR (mistari ya data inapandana), kuandika kwake kunachosha, na hadi diski yoyote inapokaribia kujaa spidi inaweza kushuka karibu nusu. Ya kutunzia poa, na hapo nunua mbili zenye mafaili yaleyale, moja ikae mbali na kompyuta, maana kwenye RAID 1, ambapo diski mbili zinaandikwa kitu kilekile kwa wakati mmoja, ukifuta faili kwa bahati mbaya linafutika kotekote.

Na ukiona SSD ya nje ya TB 16 inauzwa bei ya chipsi, ni kadi ya memori ndani ya boksi. Diski yoyote mpya ijaze yote kwa H2testw au F3 (programu za kupima kama ukubwa ni wa kweli) kabla hujaweka kazi ya mteja, siku za kuirudisha zikiwa bado zipo.