Uzoefu wangu na mashine ya kukatia lami: usianze na injini

Kazi yangu kubwa ni kuvusha mabomba ya maji chini ya barabara na kuziba viraka hapa Dar es Salaam, na mara mojamoja kukata viungo, ile mistari ya kuongoza nyufa, kwenye zege la yadi na vituo vya mafuta. Mashine ninayoitumia ni ile ya kusukuma kwa kutembea nyuma yake: fremu ya Kichina inayobeba diski mpaka ya milimita 450, juu yake injini ya Honda GX390. Kabla ya kuinunua nilikodi za watu kwa muda mrefu, nzima na mbovu, kwa hiyo ninaposema hii imenifaa najua ninailinganisha na nini. Naipa alama za juu, ila si kwa zile sifa alizonimwagia muuzaji.

Ukiingia madukani mtaa wa Gerezani kuulizia mashine ya kukatia lami, muuzaji atakuanzia na nguvu za farasi. Kumi na tatu hizi kaka, inakata mpaka mwamba. Sawa, GX390 ni injini nzuri. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 389, inameza oili lita 1.1, na spea zake hazikupi shida kwa sababu injini hiyohiyo iko kwenye pampu na majenereta ya nusu ya mji. Zile za kuiga za 188F zimejengwa kwa mpangilio uleule, na kwa mtu anayekata mara chache sioni ubaya wake. Kinachouma ni kuuziwa ya kuiga kwa bei ya halisi. Stika ya Honda anabandika yeyote. Tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma cha injini, na ukikuta imekwanguliwa, aga uondoke. Oili ya kwanza mwaga baada ya saa 20 za kazi, halafu kila saa 100, na kichujio cha hewa kisafishe mara kwa mara zaidi ya unavyodhani, maana vumbi la lami na zege ndilo linaloua pistoni. Kwenye injini sina la zaidi.

Mimi naanza na shafti ya diski. Mashine ikiwa imezimwa, shika ncha ya shafti na uitikise juu chini, kisha kushoto kulia. Ukisikia hata kamchezo kadogo, beringi zimekwisha, na diski itakayofungwa hapo haitakata mstari, itakwangua. Nilionyeshwa mashine moja iliyopakwa rangi mpya mpaka inang'aa, ukigusa shafti inalia kokoto. Baada ya hapo naangalia mikanda kama imekaza na kama yote ni ya umri mmoja, maana mkanda mmoja mpya kati ya mikuukuu ndio unaobeba mzigo wote. Kisha naisukuma sakafuni bila kuiwasha. Ikivuta upande, magurudumu au ekseli imepinda, na utashinda unapigana nayo barabarani huku mstari wa chaki uko kushoto na mashine iko kulia.

Sasa diski, na hapa ndipo pesa inapopotelea. Watu wengi hununua kwa kuangalia ukubwa tu. Ukubwa una maana, kweli: diski haizami yote, flanji inayoibana inazuia. Ya milimita 350 inakupa kina cha kama sentimita 12, ya 400 kama 14 na nusu, ya 450 kama 17. Kwa lami za mitaa yetu ya 350 inatosha na kubaki. Lakini kubwa kuliko ukubwa ni aina ya meno. Meno hayo yana punje za almasi zilizoshikwa na chuma cha unga kilichobanwa, na chuma hicho kinatakiwa kilike taratibu ili almasi mpya zitokeze. Zege gumu halina ukwaruzo mwingi, kwa hiyo linataka meno ya chuma laini. Lami ni kinyume chake: ile kokoto na mchanga vilivyoshikwa na bitumeni vinakwaruza vibaya sana, kwa hiyo lami inataka meno ya chuma kigumu. Hii ni kinyume na wanavyodhani wengi, kwamba kitu kigumu kinataka diski ngumu.

Ukiweka diski ya zege kwenye lami, inakata kwa raha kama kisu kwenye siagi, na jioni meno yameisha. Ukiweka ya lami kwenye zege gumu, inakata kidogo halafu inakataa. Cheche zinaanza, mashine inataka kupanda juu ya mstari, na ukiizima na kupitisha kidole kwenye meno unakuta yamekuwa laini kama kioo. Hiyo haijafa. Ikatishe kwenye tofali la mchanga na saruji mara kadhaa, meno yatafunguka tena. Zipo pia za matumizi yote mawili. Mimi ninayo moja ya akiba, inafanya kazi kila mahali na haifanyi vizuri popote.

Kwenye diski ya lami angalia kitu kingine. Chini ya meno, pale chuma cha duara kinapoanza, nzuri zina vijino vilivyoshuka ndani kidogo kuliko vingine. Kazi yake ni kuzuia lile tope la mchanga lisikile chuma chini ya meno. Diski isiyokuwa navyo inaliwa shingoni, na jino linaloruka kutoka kwenye diski inayozunguka kwa kasi ile sitaki kulisimulia.

Na kasi yenyewe iko kwenye maandishi ya diski, tena kwa namba. Kwa diski za kawaida za mashine hizi, ya 350 inaruhusiwa kama mizunguko 4,300 kwa dakika, ya 450 kama 3,400. Kwa hiyo mashine iliyofungwa puli za kuendesha ya 350 huifungii ya 450 kwa kuwa tu imeingia. Vijana wengi wanakata kipande cha kinga ili diski kubwa ipite. Hao siwakodishii changu na sifanyi nao kazi.

Maji ndiyo yananifanya nikatae mashine yenye kila kitu kingine. Fungua bomba la tangi, injini ikiwa imezimwa, na uangalie vijibomba viwili vinavyoelekea kwenye diski. Maji yatoke pande zote mbili, kwa usawa. Yakitoka upande mmoja tu, diski inapata moto upande mmoja na kupinda. Tundu zinazibwa na uchafu wa tangi, waya mwembamba unatosha kuzizibua. Tangi la juu ya mashine halikufikishi mbali ukikata mfululizo, kwa hiyo mimi napakia simtanki ndogo kwenye kirikuu na kuvuta mpira. Mteja akilalamika kuhusu gharama ya maji namwonyesha bei ya diski.

Ila diski ni sababu ya pili. Vumbi la zege na kokoto lina silika, na silika ikishaingia mapafuni haitoki. Ugonjwa wake hauna tiba, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka silika kwenye kundi la kwanza, yaani visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Marekani kiwango kinachoruhusiwa kwa mfanyakazi ni mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa nane. Hicho ni kiasi usichokiona kwa macho. Ile barakoa ya kitambaa iliyobaki toka enzi za korona haizuii chochote hapo. Kata kwa maji, na mahali ambapo vumbi bado linaruka vaa barakoa ya kuchuja vumbi, ile ya N95. Tope linalobaki lizoe likiwa bichi, usiliache likauke na kupeperushwa na daladala mpaka kwa mama ntilie.

Jambo ambalo fundi mgeni haambiwi: mashine nyingi za aina hii hazina klachi. Ukivuta kamba, injini ikiwaka, diski nayo inazunguka hapohapo. Kwa hiyo diski iinuliwe juu ya barabara kabla ya kuwasha, na saidia fundi asiwe ameinama mbele yake akinyoosha uzi. Mimi nawasha, naacha injini ishike kasi, nafungua maji, ndipo nazungusha usukani wa kina polepole. Ukiiangusha kwa pupa, inarukia mbele. Sikati kina chote kwa mara moja. Napita sentimita tatu mpaka nne, narudi mwanzo, napita tena. Injini ikianza kuguna, punguza mwendo, usisukume kwa kifua. Na mstari ni mstari: hakuna kukunja kona diski ikiwa ndani. Kona ya kiraka inakatwa kwa kuinua, kugeuza mashine, na kushusha upya. Hakuna mtu anayesimama kwenye mstari wa diski, mbele wala nyuma, na mwendeshaji mwenyewe anakaa pembeni kidogo.

Kubadilisha diski, toa kwanza waya wa plagi. Futa flanji, maana punje moja ya mchanga inatosha kuifanya diski itingishike. Hakikisha mshale uliochorwa unaelekea mzunguko wa shafti. Nati nyingine zinafunguka kinyume, usianze kuzipiga nyundo.

Kabla ya yote hayo kuna kibali cha wenye barabara, TANROADS au TARURA kutegemea barabara ni ya nani, na kuna kujua kilichozikwa chini. Nyaya za TANESCO, mabomba ya DAWASA, siku hizi na nyaya za intaneti za kampuni chungu nzima. Ramani zikiwepo nazishukuru, lakini nachimba shimo la majaribio kwa mkono pembeni ya lami, pande zote mbili, ndipo nakata. Tena nakata unene wa lami tu. Kinachobaki chini kinashughulikiwa na sururu na koleo.

Wapo wanaouliza kwa nini wasitumie sururu toka mwanzo. Sururu inabomoa lami ya jirani, ukingo unabaki na nyufa, na mvua ya masika inaingia humo. Kiraka chenye kingo zilizokatwa wima kinashikana vizuri, na sijaitwa kurudia kazi za namna hiyo.

Kuhusu kukodi au kununua: kama una kazi za hapa na pale, kodi. Mashine ikikaa stoo miezi, kabureta inaziba kwa petroli iliyochacha na mikanda inakauka. Soma tu masharti ya diski. Jamaa mmoja aliyekuwa akinikodishia alikuwa anapima meno kwa rula asubuhi na jioni na kunitoza kila milimita iliyolika, kwa bei aliyoipanga yeye. Siku hizi hata nikikodi mashine ya pili kwa kazi kubwa, diski naenda na yangu.