Gari la modeli la kwanza ununue boksi gani? Nimeyapanga kuanzia ninaloliamini zaidi

Watu wengi wakitaka kuanza kujenga magari ya modeli, yale madogo ya plastiki yanayokuja vipande kwenye boksi unayaunganisha mwenyewe, wanaanza na gari wanalolipenda, mtu anaota Ferrari fulani basi ananunua boksi lolote lenye picha ya hiyo Ferrari, na hapo ndo wengi wanakwama alafu boksi linaishia juu ya kabati. Gari hilohilo linaweza kuwa limetolewa na kampuni tatu, la kwanza vipande vinaingia vyenyewe unasikia kabisa "tik", la pili utapiga msasa wiki nzima na bado bodi haikai kwenye shasi. Kwa hiyo kwa boksi la kwanza mi naangalia kitu kimoja, vipande vinaingiana kiasi gani. Gari la ndoto subiri liwe la tatu, utalitendea haki.

Skeli, yaani gari limepunguzwa mara ngapi kutoka ukubwa wake halisi, chukua 1/24. Gari la mita 4.5 linakuwa kama sentimita 19, linajaa mkononi na taa unaziona vizuri. Za Marekani nyingi ni 1/25, karibu sawa tu. Ile mikubwa ya 1/12 achana nayo kwa sasa.

1. Tamiya 1/24

Sina wasiwasi hata kidogo kuiweka juu. Hawa jamaa wako Shizuoka, Japani, walianza na biashara ya mbao 1946 wakaingia kwenye modeli za plastiki 1960, na ukijenga boksi lao la miaka ya karibuni kama Toyota GR 86 utaelewa kwa nini watu wanawasifia. Karatasi ya maelekezo ni michoro mitupu yenye namba, rangi ya kila kipande imeandikwa kodi yake, hata stika za kuzibia vioo wakati unapaka fremu nyeusi za madirisha zimo humohumo. Nyingi hazina injini, boneti haifunguki, na kuna watu wanalalamika sana juu ya hilo ila kwa anayeanza mi naona ni nafuu kubwa, maana nguvu zako zote zinaenda kwenye bodi na rangi, na hapo ndo gari linapendezea au linaharibikia. Angalia tu usichukue moldi (umbo la kumwagia plastiki) za zamani sana, baadhi zilitengenezwa ziwekwe mota kwa hiyo chini ya gari hakuna kitu cha maana.

2. Aoshima za kubana, 1/32

Hizi hazitaki gundi wala rangi, bodi inakuja na rangi yake tayari, unabana tu. Wapo wanaozidharau, wanasema za watoto, mi nakataa kabisa. Kama unaishi chumba kimoja na huna pa kupulizia rangi, hii ndo namba 1 yako. Pitisha wino mwembamba mweusi kwenye mistari ya milango na boneti, futa unaobaki juu, alafu paka nyeusi isiyong'aa kwenye raba za vioo. Ni jioni moja tu na gari linabadilika kabisa.

3. Hasegawa 1/24

Kwa wapenzi wa magari ya zamani, Datsun 240Z, BMW 2002 na wenzake. Kazi yao ni safi sana ila vipande vingine ni vyembamba, ukikata kwa haraka kinavunjika. Boksi la pili zuri.

4. Revell

Hapa inategemea na bahati, au tuseme inategemea na moldi. Boksi jipya linaweza kuwa na moldi ya miongo kadhaa nyuma ndani yake. Kabla hujalipa litafute kwenye tovuti ya Scalemates, utaona hiyo moldi ilitoka mwaka gani na imerudiwa mara ngapi. Ikiwa mpya nunua, wanaweka injini na vitu vingi vya kuchezea.

5. AMT 1/25

Magari ya Kimarekani, injini ya V8 imo, na zile boksi unazoweza kujenga gari moja kwa namna tatu. Nazipenda kwa moyo wote lakini moldi nyingi ni za miaka ya 60 na 70, plastiki imevuja pembeni mwa vipande na unasafisha kila kimoja. Sio za kuanzia.

6. Fujimi

Zile Porsche zao zenye injini kamili ni nzuri mno zikiisha. Vipande vingi, michoro inachanganya. Rudi kwake ukishamaliza magari matano.

Sasa kitu ambacho hakuna aliyeniambia, angalia rangi ya plastiki yenyewe. Boksi langu la pili bodi ilikuwa plastiki nyekundu na mi nilitaka gari jeupe, nikapiga praima (rangi ya chini inayotangulia) ya kijivu, nikapiga nyeupe mara tatu, ilitoka safi kabisa nikaenda kulala na furaha. Baada ya siku mbili gari likawa na upinki kwenye kingo za milango, wiki iliyofuata bodi nzima. Nyekundu inapenya rangi za juu. Kwa hiyo kama unataka gari la rangi ya mwanga tafuta boksi lenye plastiki nyeupe au kijivu, kama huna jinsi piga kwanza rangi ya silva ya kuziba.

Vitu vya kununua pamoja na boksi: koleo ndogo ya kukatia, kisu chenye wembe wa kubadilisha, msasa kuanzia namba 400 hadi 2000, praima, na gundi nyepesi ya majimaji ya Tamiya yenye kifuniko cha kijani, ile unagusa tu kwenye mwungano inajivuta yenyewe ndani. Supaglu usiisogeze karibu na vioo, mvuke wake unaacha ukungu mweupe. Rangi za kopo za kupulizia za Tamiya chukua TS, sio PS, PS ni za bodi laini za magari ya rimoti. Na sehemu za kromu kwangua kromu pale unapoweka gundi, la sivyo bampa litadondoka.

Boksi likifika usianze kukata. Toa bodi iangalie kwa mbele kama haijapinda, inua vioo kwenye mwanga uone mikwaruzo, alafu angalia stika za maji (zile za kuloweka kabla ya kubandika) kama hazijawa za njano. Kimoja kati ya hivyo kikiwa kibaya rudisha siku hiyohiyo, maana ukishakata kipande cha kwanza hakuna atakayekupokelea.